Vinywele vyenye punje kichwani chini ya majani ya kunde: ni ukungu au ni mayai?

1. KundeZaNdanda
Habari za jioni wadau. Nina bustani ya robo ekari bondeni huku Ndanda, kunde na bamia, namwagilia kwa ndoo. Wiki hii wadudu mafuta weusi wamejaa kwenye ncha za kunde mpaka maganda machanga yamejikunja. Jana jioni nikiwa nageuza majani nikakuta kitu ambacho sijawahi kukiona tangu nianze kulima: vinywele vyembamba kuliko uzi wa kushonea, vimesimama wima chini ya jani, kila kimoja kimebeba punje ndogo ya kijani iliyopauka. Urefu hauzidi sentimita moja. Jani moja lina vitatu, jingine nimehesabu kumi na moja.

Nililichuma jani moja nikalipeleka duka la pembejeo. Muuzaji akasema huo ni ukungu unataka kutoa mbegu, akanifungia dawa ya ukungu na dawa ya wadudu, eti nichanganye kwenye bomba moja. Hela imeshatoka. Nilipanga kupiga kesho alfajiri lakini roho inasita. Kuna aliyewahi kuona vitu hivi?

2. Fundi_Bomba
Ukungu huo mkuu. Mwaka juzi bamia zangu za kule Mtama zilianza hivyo hivyo, nikachelewa siku tatu tu, shamba likawa jeupe kama limemwagiwa unga. Piga kabla jua halijawa kali. Na hao wadudu mafuta hawamngoji mtu.

3. BintiKitangari
Usipige kwanza! Hayo ni mayai. Ukungu hausimami kwa mpangilio hivyo, kila unywele punje moja. Ni mayai ya yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, mdudu kibibi, anayekula wadudu mafuta.

4. Mikindani_Pwani
Hata mimi nasema mayai. Weka picha lakini.

5. Mwalimu_Nyangao
@BintiKitangari umepata nusu. Mayai ni kweli, ila mama yake si kibibi. Kibibi hutaga mayai ya njano iliyokolea, yamebanana kwa mafungu, kumi mpaka hamsini hivi, yamesimama moja kwa moja juu ya jani kama punje za mtama zilizopangwa na mtu. Hayana mguu.

Haya yenye mguu ni ya mdudu wa kijani, mwili laini, macho yanang'aa kama dhahabu, mabawa makubwa kama wavu yanayopitisha mwanga, akitua anayakunja kama paa la nyumba. Kitaalamu anaitwa Chrysoperla. Utagaji wake ndio unaonifurahisha kila mwaka ninapowafundisha vijana. Anagusisha ncha ya tumbo kwenye jani, anaacha tone la utomvu, anainua tumbo juu. Lile tone linavutika linakuwa uzi, uzi unakauka hapo hapo hewani, kisha kileleni anaweka yai moja. Anasogea, anaanza tena. Kazi hii anaifanya zaidi usiku, ndiyo maana mtu analala na jani tupu anaamka na jani lenye vinywele. Jike mmoja anaweza kutaga mayai mia kadhaa maishani mwake.

Mama mwenyewe hali wadudu mafuta. Anaishi kwa chavua, nekta na yale maji matamu yanayotoka kwa wadudu mafuta na kunata kwenye majani. Mlaji ni mtoto. Ana taya mbili zilizopinda kama mundu, ndani zina tundu, anamchoma mdudu mafuta anamnyonya mpaka libaki gamba. Mtoto mmoja anamaliza mamia kabla hajajifunga kwenye kifuko chake. Ile dawa ya wadudu ukiipiga kesho umewaua walinzi wako kabla hawajazaliwa.

6. BintiKitangari
Asante mwalimu, nimekubali. Hayo ya njano nayo nimeshayaona kwenye mbaazi, sikujua kuwa ndiyo ya kibibi.

7. Fundi_Bomba
Sawa, na yawe mayai. Yai lina ganda, dawa haiingii. Apige auwe wadudu mafuta leo, mayai yaanguliwe baadaye. Tatizo liko wapi?

8. Mwalimu_Nyangao
Ganda linakinga kwa kiasi, hapo una hoja. Lakini kitoto kikitoka lazima kishuke kwenye uzi, kianze kutembea juu ya jani lenye dawa iliyokauka. Kitaishi vipi? Na hata kikiishi kitakula nini, wakati umeshaua wote?

9. KundeZaNdanda
Nimesitisha jamani, bomba nimelirudisha ndani. Matuta ya kushoto ambayo hayana hivi vinywele nitayapaka maji ya sabuni, ya kulia nayaacha hivi hivi nione. Ila mwalimu umeniachia swali linaloniwasha: kwa nini kujisumbua hivyo? Jani lote lipo, yeye anajenga mlingoti halafu anaweka yai juu yake. Anamkwepa nani?

10. Korosho_Tandahimba
Sisimizi. Hilo halina mjadala. Angalia kunde zako, kila palipo na wadudu mafuta kuna sisimizi wanapanda na kushuka, wanalamba yale maji matamu na wanawalinda kama mtu anavyolinda mbuzi wake. Yai lingelala juu ya jani lingebebwa siku ile ile. Sasa sisimizi anapita chini ya ule uzi kama mtu anayepita chini ya mnazi, hajui juu yake kuna dafu.

11. MamaWaUfuta_Ruangwa
Sikubaliani na @Korosho_Tandahimba. Adui yao ni wao wenyewe. Msimu uliopita nilifungia jani lenye mayai hayo kwenye kopo la plastiki linaloonyesha ndani nikaliweka dirishani, watoto wangu wakawa wanachungulia. Wa kwanza kutoka alishuka kwenye uzi wake, akatembea tembea, na jioni tulimkuta anamnyonya mwenzake aliyeanguliwa baada yake. Kama mayai yangekuwa yamelala pamoja, wa kwanza angewala wote. Mama anawatenganisha watoto wake, kila mmoja na ghorofa yake.

12. Korosho_Tandahimba
Mama, kwenye kopo hakukuwa na chakula kingine. Hata sisi tukifungiwa kopo moja bila ugali sijui tutafanyana nini.

13. MamaWaUfuta_Ruangwa
Niliwawekea wadudu mafuta kijiko kizima baba. Muulize mtu kwanza kabla ya kumcheka.

14. Mwalimu_Nyangao
Hoja zenu zote mbili zinatajwa na wataalamu. Upande wa sisimizi, ipo aina moja ya jamaa hawa huko Florida, Ceraeochrysa smithi, ambaye uzi wake una matone ya mafuta, na sisimizi akiyagusa anarudi nyuma. Mtoto akianguliwa anashuka huku anayanywa yale matone, yanakuwa chakula chake cha kwanza. Wa kwetu uzi wake ni mkavu, kwa hiyo usichukue habari ya Florida ukaipeleka Tandahimba moja kwa moja.

Upande wa mama wa Ruangwa, shida ni hii: zipo aina nyingine zinazotaga vinywele vingi vimeshikana kama fungu la fagio, mayai yote yanagusana kileleni. Kama lengo ni kuwatenganisha ndugu, hao wamefikiria nini?

15. Chumvi_Lindi
Mimi naona mnatafuta mbali. Huko bondeni umande ni mwingi, jani la kunde asubuhi linalowa chapachapa. Yai likilala kwenye maji linakosa hewa, au ukungu halisi unalipata. Juu ya uzi linakauka kwa upepo. Nyumba za pwani zamani zilikuwa na dari ya kuwekea vyakula kwa sababu hiyo hiyo.

16. BintiKitangari
Lakini @Chumvi_Lindi, mayai ya kibibi yanalala juu ya jani hilo hilo lenye umande na yanaanguliwa.

17. Chumvi_Lindi
Ya kibibi labda yana ganda gumu. Sijui, nauliza tu.

18. Mikindani_Pwani
Mimi ninaloleta ni tofauti. Mnasema mama anataga karibu na chakula cha watoto. Nyumbani kwangu Mikindani nimekuta vinywele hivyo kwenye fremu ya dirisha, kwenye kamba ya kuanikia nguo, na mara moja kwenye waya wa taa ya barazani. Hapo mtoto atakula nini, nyaya? Mimi naona huyu mama hachagui chochote, usiku anavutwa na taa, muda ukifika anataga alipo.

19. Mwalimu_Nyangao
Umeona sawa, wengi wameyakuta mayai yao karibu na taa. Lakini shambani kinachomvuta ni harufu ya yale maji matamu ya wadudu mafuta. Kuna wakulima nchi nyingine wanapulizia mchanganyiko wa sukari na hamira kwenye mimea ili waje mapema na watage hapo. Kwa hiyo anavutwa na chakula chake yeye, na mtoto anafaidika kwa kuwa kilipo chakula cha mama ndipo kilipo cha mtoto. Taa inamvuruga.

Linganisha na kibibi, yeye ni mchaguzi kweli. Akipita kwenye jani ambalo watoto wa kibibi wengine wameshatembea, anahisi alama za nyayo zao na anaahirisha kutaga, kwa sababu anajua hao wakubwa watayala mayai yake. Na mwaka 1888 Wamarekani walipoanza kumchukua kibibi mmoja kutoka Australia, Rodolia cardinalis, kuokoa michungwa ya California, sifa yake ilikuwa kwamba anaweka mayai juu ya mdudu gamba mwenyewe, mpaka kwenye mfuko wa mayai ya huyo adui. Mtoto anazaliwa mezani.

20. Fundi_Bomba
Mwalimu umesema "anajua". Mdudu anajua nini?

21. Mwalimu_Nyangao
Haya, mwili wake unajua. Matokeo ni yale yale.

22. MzeeWaMingoyo
Wanangu hamjambo. Nimesoma mabandiko yote. Mimi nikiwa kijana mihogo yetu iliingiliwa na mdudu anayeitwa kidung'ata, vilele vikajikunja kama ngumi, tukala mizizi ya porini. Baadaye tukaambiwa kuna mdudu wa serikali ameachiliwa, anakula kidung'ata. Na kweli mihogo ikarudi. Je, ni huyu wa vinywele?

23. BintiKitangari
Shikamoo mzee. Hapana, yule ni nyigu mdogo sana, Anagyrus lopezi, alitolewa Paraguay na kuachiliwa Nigeria kwa mara ya kwanza mwaka 1981, kisha akasambazwa nchi nyingi za Afrika. Mradi huo uliongozwa na mtafiti Hans Herren, akapata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nyigu huyo hamli kidung'ata kwa nje, anamchoma na kuingiza yai ndani ya mwili wake. Mtoto anakulia humo humo mpaka kidung'ata anabaki gamba kavu, nyigu anatoboa anatoka. Safari hii nina uhakika kweli kweli mwalimu!

24. Mwalimu_Nyangao
Safi kabisa, sina la kuongeza.

25. MzeeWaMingoyo
Marahaba binti. Kumbe yai ndani ya mtu mzima. Mungu fundi.

26. Korosho_Tandahimba
Nyigu wa mzee amenikumbusha jambo. Mkorosho wangu wenye maji moto, wale sisimizi wakali wanaojenga viota kwa majani, sijawahi kuona vinywele hivi hata siku moja. Ile mikorosho mitano ya mpakani, isiyo na maji moto, naviona kila machipukizi mapya yakitoka. Sasa niambieni kama si sisimizi ndiye anayeogopwa.

27. Chumvi_Lindi
Labda mkorosho wenye maji moto hauna wadudu wa kuliwa, ndiyo maana mama hatagi hapo. Si kwamba yameliwa.

28. Korosho_Tandahimba
Hapo umenibana kidogo. Ila maji moto nao wanafuga wadudu gamba wao juu ya mti, yale maji matamu yapo.

29. Mkulima_Newala
Mmegusa maji moto, naomba nipenyeze swali langu. Nimesikia wakikaa kwenye mkorosho mbu wa mikorosho hasogei, machipukizi hayakauki. Nikakata viota sita kwa rafiki yangu kule Nanyamba, vyote vimejaa mayai na watoto weupe, nikavifunga kwenye mikorosho yangu. Ndani ya mwezi mmoja wameisha. Kwa nini wameisha na mayai yalikuwepo?

30. Korosho_Tandahimba
Kwa sababu mayai si malkia ndugu yangu. Koloni moja la maji moto linashika miti mingi, viota kumi, ishirini na zaidi, lakini malkia anayetaga yuko kwenye kiota kimoja tu. Wafanyakazi ndio wanaobeba mayai na kuyagawa kwenye viota vingine. Wewe umebeba chekechea, mama umemwacha Nanyamba. Isitoshe viota vikitoka koloni mbili tofauti, ukivifunga mti mmoja watapigana mpaka waishe.

Nimemtafuta malkia miaka miwili kabla sijampata. Mara nyingi yuko kwenye kiota cha juu, majani mazima ya kijani, na wafanyakazi wa pale ni wakali kuliko wote. Tumbo lake limevimba, huwezi kumkosea. Kata kiota asubuhi sana, tia kwenye mfuko, na usisahau viota vya jirani zake wa koloni hiyo hiyo.

31. Mwalimu_Nyangao
Nyongeza ndogo kwenye hilo. Hata wafanyakazi wa maji moto wanataga. Malkia akiwepo mayai yao ni chakula, wanamlisha malkia mwenyewe. Malkia akifa wanaweza kutaga mayai yanayotoa madume tu, na koloni la madume halina kesho. Kwa hiyo @Mkulima_Newala unaweza kuendelea kuona mayai kwa muda huku koloni limeshakufa. Na Wachina walishaligundua soko hili zamani, tangu karne ya 4 walikuwa wanauziana viota vya maji moto wa aina yao kwa ajili ya michungwa. Kwetu huku mtafiti Michael Way alifanya kazi Zanzibar juu ya maji moto na minazi, na yule kunguni wa minazi akapewa jina lake, Pseudotheraptus wayi.

32. Mkulima_Newala
Kumbe. Nashukuru sana, narudi Nanyamba.

33. Fundi_Bomba
Rudi na shati la mikono mirefu. Wale hawaitwi maji moto bure.

34. Mikindani_Pwani
Na vunjajungu je? Naye si mla wadudu? Nimeona kifuko chake kwenye mti wa mpera, kama povu lililokauka.

35. MamaWaUfuta_Ruangwa
Ndiyo, mayai yake yamo ndani ya hilo povu kwa safu. Ila vunjajungu anakula kila kinachotembea, nyuki wako na kibibi wako pia wamo. Usimtegemee. Na wazee wanasema ukimshika chombo cha kwanza utakachogusa kinavunjika, kwa hiyo @Mikindani_Pwani ukimaliza kupiga picha kaa mbali na sahani za watu.

36. KundeZaNdanda
Wadau nimerudi, leo siku ya tano. Nimefuata kila asubuhi lile jani la mayai kumi na moja. Punje zilianza kijani, jana zikawa za kijivu na ukitazama vizuri unaona michirizi ndani. Leo saa moja asubuhi nimekuta vitoto vinne vimeng'ang'ania juu ya maganda yao bila kusogea, vina miguu mirefu kuliko mwili. Baada ya muda kimoja kimegeuka kichwa chini kikashuka kwenye uzi. Dakika chache tu kimekamata mdudu mafuta mkubwa kuliko chenyewe, kimemwinua juu miguu inaelea. Nimeita watoto wote waje waone.

Maganda matupu yanabaki meupe juu ya vinywele. Nadhani hayo ndiyo muuzaji aliyazoea na kuyaita mbegu za ukungu.

37. BintiKitangari
Nimefurahi mpaka basi! Usiwaguse kwa kidole lakini, wanang'ata kidogo.

38. KundeZaNdanda
Siku ya kumi na mbili. Matuta ya kulia, ncha nyingi za kunde zimesafika, maganda mapya yanatoka yamenyooka. Yapo mashina mawili bado yamejaa weusi, na hayo ndiyo yenye sisimizi wengi. Kushoto nilikopaka sabuni wamepungua kisha wamerudi.

39. Fundi_Bomba
Hongera mkuu, sikatai. Ila wiki hii upepo wa kusi umevuma sana, wadudu mafuta wanapeperuka. Na wewe mwenyewe ulituma picha ya kibibi wawili. Nani kafanya kazi hapo?

40. KundeZaNdanda
Kibibi wapo kweli, wamekuja baadaye. Siwezi kuapa ni nani. Lakini upepo ungechagua matuta ya kulia tu?

Jambo lililonirudisha ni hili. Lile jani la kumi na moja nimelihesabu tena. Maganda meupe tisa yapo juu ya vinywele vyake. Vinywele viwili vimesimama vitupu, hakuna ganda, hakuna yai. Nani kachukua?

41. Korosho_Tandahimba
Sisimizi. Nilisema.

42. MamaWaUfuta_Ruangwa
Kama sisimizi angeweza kupanda, basi uzi haumzuii, na hoja yako ya bandiko la 10 imeanguka. Ni ndugu yao aliyepanda akala.

43. Mwalimu_Nyangao
Ndugu yake angenyonya na kuacha ganda, taya zake hazitafuni. Likitoweka na ganda lake, huyo ni mwenye meno ya kutafuna. Au ganda limedondoka lenyewe.

44. Chumvi_Lindi
Maji ya ndoo! Si anamwagilia kwa ndoo?

45. KundeZaNdanda
Namwagilia shinani, sirushi juu. Shina la jirani leo limepata vinywele vitano vipya, punje bado kijani, na sisimizi wapo. Nimefunga uzi mwekundu kwenye kikonyo ili nisilipoteze. Nimemwachia mume wangu kupika, nina tochi na kigoda, nakaa pale kuanzia saa mbili usiku.

46. Korosho_Tandahimba
Funika tochi kwa kitambaa chekundu, mwanga mweupe utawavuruga. Na ukimwona anayepanda, piga picha kwanza kabla ya kumfukuza.